Mbwa wa Faraja Ofisini: Ni Tiba au Ni Pambo?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Minnesota, Marekani. Nafanya kazi katika idara ya afya ya kaunti: chanjo, ufuatiliaji wa wagonjwa wa kifua kikuu, kuwatembelea majumbani kina mama waliojifungua. Mkuu wetu ametangaza kwamba idara itapata mbwa wa faraja ambaye pia atakuwa maskoti wetu, yaani mnyama wa kuitambulisha idara. Atavaa kizibao chenye nembo ya idara, atapigwa picha za kampeni ya chanjo, na siku za kazi atakuwa akizunguka ofisini kututuliza. Wenzangu wamefurahi kupita kiasi. Mimi naogopa mbwa tangu utotoni, na ni Mwislamu, naswali adhuhuri na alasiri hapo hapo ofisini. Sitaki nionekane mimi ndiye wa kuwaharibia watu shughuli yao. Je, kuna ukweli kwamba mbwa hupunguza msongo wa wafanyakazi wa afya, au ni mbwembwe tu za Wamarekani? Mimi nifanyeje? Na dada yangu, nesi huko Kilifi, aliposikia habari hii aliuliza kama hospitali yao nayo inaweza kuwa na mbwa wake.

Jibu: Marahaba, dada. Ukweli upo, ila ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Mbwa aliyefunzwa vizuri, akiletwa na mtu anayeijua kazi, humtuliza mfanyakazi aliyechoka kwa saa kadhaa. Hamtibu uchovu uliojengeka kwa miaka, na hafai kwa kila mtu. Hofu yako si ushamba, na suala la swala si usumbufu. Yote mawili ni mambo ambayo mpango wowote wa maana ulipaswa kuyauliza kabla ya kutangazwa.

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, upande wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu, nimezoea kuulizwa habari za mbwa mwenyewe: mbegu gani, umri gani, mpole au mkali. Kwa shauri kama lako hayo ni ya baadaye. Mtazame kwanza anayeshika kamba. Yeye ndiye atakayeamua mbwa aingie chumba gani, nani asogelewe na nani asisogelewe, mbwa apumzike saa ngapi, na wewe uachwe kwa amani au ufuatwe mezani kwako na maneno ya "mguse tu, hana neno".

Tutenganishe kwanza mbwa hawa, maana mkuu wako akisema hili na wafanyakazi wakaelewa lile, ugomvi utaanzia hapo. Kuna mbwa msaidizi, yule anayemwongoza kipofu au anayemtumikia mwenye ulemavu mwingine. Huyo ana mtu wake mmoja, na sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inamruhusu kuingia dukani, hotelini na hospitalini pamoja naye. Kuna mbwa wa faraja, ambaye mara nyingi ni wa mtu anayejitolea; huletwa kuwatembelea watu kwa saa moja au mbili, kisha hurudi kwao. Na kuna mbwa wa taasisi, aliyelelewa na kufunzwa na shirika kwa muda unaokaribia miaka miwili, akakabidhiwa mfanyakazi mmoja ambaye huja naye kazini asubuhi na kuondoka naye jioni. Kwa maelezo yako kwamba "atakuwa akizunguka ofisini", nadhani mnaletewa huyu wa tatu, lakini uliza. Jambo la kushika ni kwamba wa pili na wa tatu huingia kwa mwaliko wa mwajiri tu. Hakuna sheria inayomlazimisha mkuu wako kuwa naye, kwa hiyo mipaka inaweza kuwekwa, na anayeiomba hamnyang'anyi mtu haki yake.

Sasa ushahidi. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio lililofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja huko Indianapolis. Madaktari na manesi 122 waliokuwa katikati ya zamu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walikaa na mbwa kwa dakika chache, wengine walipewa picha za kupaka rangi, wengine waliendelea na kazi kama kawaida. Waliokaa na mbwa walimaliza zamu wakiwa na msongo mdogo kuliko waliopaka rangi. (Na mimi siwashangai waliopaka rangi. Nani ana roho ya kupaka ua rangi ya waridi huku ambulensi inalia mlangoni?) Mwaka uliotangulia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walikuwa wamewapima wanafunzi 249 kwa kuchukua mate yao. Dakika kumi tu za kuwapapasa mbwa na paka zilitosha kushusha kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kuliko kwa wale waliokaa foleni wakiwatazama tu wenzao. Kuna pia kazi ya Wajapani iliyochapishwa 2015, iliyoonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana macho kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ile ile inayofanya kazi kati ya mama na kichanga chake.

Hayo ni mazuri, lakini yasome kwa jicho la muuguzi. Katika majaribio ya namna hii huwezi kumficha mtu kwamba amepewa mbwa, kama unavyoficha kidonge cha kweli na cha unga mtupu. Anayejiandikisha kwa kawaida ni mtu ambaye tayari anapenda mbwa. Vipimo vingi ni vya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tunaloweza kusema ni kwamba mbwa humtuliza anayempenda, kwa muda mfupi, na hilo si haba kwa mtu aliyetoka kupigiwa simu ya matusi na mzazi asiyetaka mwanawe achanjwe. Atakayekwambia mbwa atapunguza idadi ya wanaoacha kazi, mwombe akuonyeshe takwimu.

Kuhusu mbwembwe: zipo, ila zina historia. Florence Nightingale, ambaye wewe kama muuguzi huwezi kumsahau, aliandika tangu karne ya 19 kwamba mnyama mdogo mara nyingi ni mwenzi mzuri wa mgonjwa. Mwaka 1976 muuguzi mwenzako wa Marekani, Elaine Smith, alianzisha shirika la kusajili mbwa wa kutembelea wagonjwa baada ya kuona kazi hiyo ikifanyika Uingereza. Na sare nazo zina asili yake. Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani ina mizizi yake katika sheria aliyotia sahihi Rais John Adams mwaka 1798 ya kuwatibu mabaharia wagonjwa, na tangu 1889 ina kikosi cha maofisa wenye sare na vyeo vya mfano wa jeshi la majini. Ndio waliokwenda Liberia wakati wa Ebola kuendesha kituo cha kuwatibu wahudumu wa afya walioambukizwa. Watu wenye desturi hiyo hawaoni ajabu kumpa mbwa cheo. Katika chuo kikuu cha tiba cha vikosi vya nchi hiyo, Bethesda, Maryland, mbwa mmoja aitwaye Shetland alipewa cheo cha heshima cha Luteni Kamanda. Ukicheka hutakosea, lakini kizibao kina faida yake: kinawaambia watu kwamba mbwa huyu yuko kazini, wasimrukie.

Nikueleze timu nzuri inavyofanya, ili ukiiona mbovu uitambue. Mshika kamba huingia chumba cha mapumziko, si katikati ya meza za kazi, na ratiba yake imebandikwa mapema ili asiyetaka apange kuwa kwingine. Hutandika mkeka mdogo, mbwa hulala hapo, kamba fupi mkononi. Yeye mwenyewe hukaa kwenye kiti cha chini, chupa ya dawa ya kusafisha mikono ikining'inia kiunoni. Mbwa hamfuati mtu. Mtu ndiye anayekuja. Kila anayekuja husafisha mikono kabla na baada, kisha huelekezwa ampapase kifuani au begani, kwani mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa huwatisha mbwa wengi. Wanakuja mmoja mmoja, wawili ikizidi. Wakati wote mshika kamba hatazami watu, anamtazama mbwa wake: mbwa akilamba midomo ilhali hakuna chakula, akipiga miayo mfululizo, akigeuza uso pembeni, ukiona weupe wa jicho lake umejitokeza kama mwezi mchanga, kikao kimekwisha. Hata kama foleni bado ni ndefu. Hata kama mkuu wa idara ndiye anafuata. Pet Partners, moja ya mashirika makubwa ya usajili huko, halimruhusu mbwa kufanya ziara kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Ukilinganisha na siku nzima ya kazi ya ofisini, unaona kwamba mbwa wa "kuzunguka ofisini" anahitaji chumba chake cha kulala, chenye mlango unaofungwa, na saa nyingi za kutofanya kitu.

(Shirika hilo husajili pia farasi, sungura, nguruwe, hata panya. Mtu wa Morogoro hatashangaa, amekwisha kuona panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa, pale Chuo Kikuu cha Sokoine wakinusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia.)

Wasiwasi wangu mkubwa katika barua yako uko kwenye neno maskoti. Kufariji ni kazi ya pembeni, ya kimya, ya mtu mmoja mmoja. Umaskoti ni kazi ya mbele za watu: kamera, watoto wanaopiga kelele, maonyesho, kuvalishwa kofia. Mbwa yule yule aliyetulia kwenye mkeka anaweza kuvurugwa na asubuhi moja ya kupigwa picha uwanjani, na mchana akaletwa kwa nesi anayelia akiwa hana tena subira ya kutoa.

Afya ya jamii huko Marekani ina mfano wake maarufu wa jambo hili. Januari 1925 dondakoo ilizuka Nome, mji wa Alaska uliofungwa na barafu. Dawa ilifikishwa kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa mikokoteni ya theluji umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, wakipokezana waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150, kwa siku tano na nusu. Balto ndiye aliyeongoza kundi la mwisho lililoingia mjini tarehe 2 Februari, kwa hiyo picha ni zake na sanamu iliyosimamishwa New York Desemba mwaka huo huo ni yake. Sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote ilikimbiwa na kundi la Togo. Na Balto mwenyewe hakufaidi sana. Umaarufu ulipopoa aliuzwa, yeye na wenzake, akaishia kuonyeshwa kwa kiingilio huko Los Angeles, hadi 1927 wakazi wa Cleveland, watoto wa shule wakiwemo, walipochanga fedha kumkomboa. Alikufa 1933. Kwa hiyo muulize mkuu wako swali ambalo hata wapenzi wa mbwa hulisahau: mpango ukifungwa au bajeti ikikatwa, mbwa huyu ni wa nani? Kama jibu ni "ataendelea kukaa na anayemshika kamba", hapo kuna mpango. Kama watu wanatazamana, bado.

Haina maana kwamba picha ni dhambi. Machi 2020 huko Denver, daktari wa dharura alipigwa picha akiwa amekaa sakafuni na vifaa vyake vya kujikinga, amemkumbatia Wynn, labrado mdogo aliyekuwa bado anafunzwa. Picha hiyo ilizunguka dunia na iliwasemea wahudumu wengi wa afya kuliko mabango ya kulipiwa. Lakini Wynn alikuwa amekwenda pale kuwatembelea wafanyakazi, na kamera ikamkuta kazini.

Kuna jambo jingine la umaskoti ambalo wewe, kuliko mtu mwingine yeyote ofisini kwenu, ndiye wa kulisema. Minnesota ndiko kwenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Mwaka 2017 surua ilipozuka huko, wagonjwa walifika 75, na wengi wao walikuwa watoto wa familia za Kisomali ambazo zilikuwa zimeacha chanjo hiyo baada ya kutishwa kwa uvumi kwamba inasababisha usonji, uvumi uliokwisha kukanushwa na sayansi. Hao ndio watu ambao idara yoyote ya afya ya jimbo hilo inawahitaji zaidi kwenye foleni ya chanjo. Sasa weka bango mlangoni mwa kliniki ya Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis wenye Wasomali wengi, mbwa ametoa ulimi, chini yake "Njoo uchanjwe". Mama mwenye hijabu ataliona na kujua kwamba aliyebuni bango hilo hakumfikiria yeye. Mbaya zaidi, anaweza kuogopa kwamba mbwa yumo ndani. Mbwa anaweza kuwa maskoti wa wafanyakazi, kwenye fulana zao na jarida lao la ndani, bila kuwa sura ya kampeni kwa kila mtaa. Ukilipeleka jambo hili kwenye mkutano, utakuwa umezungumza kama mtaalamu wa afya ya jamii, na hakuna atakayesema unaleta woga wako.

Upande wa vijidudu sitakuchosha, wewe ni mtu wa fani. Mwaka 2015 chama cha Marekani cha wataalamu wa kuzuia maambukizi hospitalini kilitoa mwongozo, na mkuu wako akiufuata utakuwa na amani: mbwa awe na umri usiopungua mwaka mmoja, apimwe tabia na mtu aliyefunzwa, aogeshwe ndani ya saa 24 kabla ya ziara, asilishwe nyama mbichi, na mikono isafishwe kabla na baada ya kumgusa. Watafiti wa Johns Hopkins waliwachunguza watoto wagonjwa waliokuwa wakitembelewa na mbwa, wakaona kwamba waliomgusa sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuondoka na stafilokoka sugu, bakteria wasiosikia dawa, kwenye ngozi. Mbwa alipoogeshwa kwa shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kupanguswa kila baada ya muda, hatari hiyo ilishuka. Manyoya husafirisha kinachowekwa juu yake na mikono yetu, basi. Kwa ofisi yenu ningeongeza kwamba asiingie chumba cha chanjo, chumba cha wagonjwa wala mahali pa chakula, na kwa kuwa Minnesota ina kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, dawa ya kupe isikosekane msimu wa joto.

Sasa wewe. Hofu ya mbwa kwa mtu aliyekulia kwetu ina sababu zake: mbwa wa uani amefundishwa kung'ata, na koko wa mtaani hana aliyemchanja. Mwili wako ulijifunza somo sahihi kwa mahali pale. Usikubali "kutibiwa" hofu hiyo na wenzako kwa mzaha wa kuletewa mbwa mezani. Hata hivyo nina pendekezo ambalo unaweza kulikataa. Unatembelea kina mama majumbani, na huko hakuna anayekuuliza kama unapenda mbwa. Mbwa aliyefunzwa, amelala, yuko upande wa pili wa chumba na mshika kamba unayemwamini, ni nafasi nzuri ya kujifunza kumsoma mbwa bila kumgusa: mkia ulioingizwa katikati ya miguu, mwili uliokakamaa, masikio yaliyolala nyuma. Ujuzi huo utakufaa siku utakapokuta mbwa asiyefunzwa akiwa mlangoni. Ukiona haukufai, mlango ule pale.

Kuhusu najisi, fatwa utaitafuta kwa anayestahili kuitoa. Mimi ni daktari wa mifugo. Nitakukumbusha tu yale tuliyofundishwa wengi wetu chuoni, yaani madrasa, na mimi kwetu ni Tanga. Kwa madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, na kilichopata mate au unyevunyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Kwa hiyo linalokuhusu hasa ni mate, pua na manyoya yenye maji, na hapo tunarudi kwa mshika kamba: mbwa aliyefunzwa halambi watu ovyo, na mwenye kumwongoza vizuri humzuia. Omba mambo ya kushikika. Chumba unachoswalia kiwe hakiingiwi na mbwa kabisa, mlango ufungwe, na hilo liandikwe kwenye utaratibu badala ya kuachiwa kumbukumbu za watu. Msala wako uwe kwenye kabati. Meza yako iwe upande ambao hapiti. Siku na saa zake zijulikane. Hakuna hata moja kati ya haya linalomgharimu mtu kitu, na Wamarekani wana sheria inayokulinda: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri azingatie ibada ya mfanyakazi, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la mtumishi wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, ilimfanyia mwajiri iwe vigumu zaidi kukwepa wajibu huo. Usianze na sheria, lakini ujue ipo. Anza na barua fupi kwa mkuu wako, ya upole, yenye maombi hayo, kabla mbwa hajafika. Na huenda ukagundua hauko peke yako: mwenye pumu na mzio wa manyoya amekaa kimya kama wewe, akiogopa kuitwa mkorofi.

Liongeze na hili kwenye mkutano, au mpe mtu mwingine alisemee. Machi na Aprili 2021 CDC, taasisi ya taifa ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliwahoji watumishi zaidi ya 26,000 wa idara za afya za Marekani, watu wa kazi kama yako. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za sonona, wasiwasi, kiwewe au mawazo ya kujiua. Dalili zilikuwa nyingi zaidi kwa waliosema hawawezi kuchukua likizo na waliofanya kazi saa nyingi kwa wiki. Mkuu anayeleta mbwa na kuziba pia nafasi za kazi zilizo wazi, huyo mpigie makofi. Anayeleta mbwa huku likizo zinakataliwa amenunua pambo, na mbwa hana kosa.

Mwisho ni dada yako wa Kilifi. Kwa sasa jibu langu ni hapana, na sababu yangu kubwa ni kichaa cha mbwa. Duniani ugonjwa huo huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka. Katika mji ambao mtoto hufundishwa kumkimbia kila mbwa kwa sababu hakuna anayejua yupi kachanjwa, kumwingiza mbwa wodini kutawachanganya watu, hata akiwa msafi kuliko sisi. Tena kuna joto, kuna wagonjwa waliolala wawili wawili, na hakuna shirika la karibu la kumfunza wala la kumpima anayemshika kamba. Uchovu wa manesi wa Kilifi unajulikana unakotoka, na dawa yake iko kwenye orodha ya zamu.

Umaskoti ni habari nyingine, na hapo Kilifi inaweza kuishinda Minnesota. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa wa kijiji aliyechanjwa, mwenye ukanda wa rangi shingoni, amesimama na mwenyewe, ni sura halali kabisa ya kampeni hiyo, na kila mwenye mbwa ataelewa anaambiwa nini hata kama hajui kusoma. Chini ya picha liwekwe agizo moja: ukiumwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukachanjwe, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Mwambie dada yako aanze kwa kuongea na ofisi ya mifugo ya kaunti, miezi kadhaa kabla ya Septemba, maana chanjo huagizwa mapema. Akitaka, aniandikie mwenyewe, nitamweleza namna ya kupanga vituo na kuhesabu mbwa wa mtaa mmoja.